Mwandiko wa Mama Kwenye Skrini za Kituo

Jumatatu, 5 Oktoba
Nimemaliza fonti yangu! Herufi nimezitoa kwenye kibao cha Mama, anayeuza chipa, mikate ya jibini, kwenye kituo cha mabasi hapa Asunción. Zilizokosekana nimebuni. Ijumaa maktaba yetu, programu ya kuchora maandishi, inaanza kuendesha skrini za kituo. Mama hajui. Kibao kile ndicho kilichonisomesha. Atatazama juu, ataona mwandiko wake. Nitalia, najijua.

Jumanne, 6 Oktoba
Ramona Insfrán, mwenye orodha ya fonti, kaiweka yangu ya mwisho kabisa. Eti maktaba huanza na fonti ya kwanza, na herufi ikikosekana ndipo inaomba kwa za akiba. Kwa hiyo yangu ingoje zamu kama wenzake. Kijicho tu!

Jumatano, 7 Oktoba
Niliihamisha mbele. Kairudisha nyuma. Tukinywa tereré, chai baridi ya kupokezana kikombe kimoja, kaniuliza mbele ya watu kama fonti yangu imejaribiwa, au ina baraka za mama tu. Don Porfirio, bosi wetu, alicheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi, 8 Oktoba
Ramona kaenda kung'oa jino. Nimeiweka ya kwanza, na za akiba nimefuta zote. Sasa airudishe nyuma ya nini?

Ijumaa, 9 Oktoba
Aibu gani hii! Majina ya miji yalitokea, mazuri ajabu. Saa za kuondoka: visanduku vitupu. Kibao cha Mama hakina tarakimu, bei huitaja kwa mdomo! Bibi mmoja kaniuliza, mwanangu, la Caacupé linaondoka saa kisanduku ngapi? Mama alipanda benchi akawatangazia saa zote kwa kichwa. Chipa zikaisha. Juu hakutazama hata mara moja. Iliniuma.

Jumatatu, 12 Oktoba
Ramona kazirudisha za akiba. Don Porfirio kasema nikiharibu tena, nitafute kazi kwingine. Tereré ikazunguka, ikanipita mara tatu. Mzunguko wa nne Ramona akanimiminia. Kasema herufi za mama yako nzuri, mpumbavu wewe. Lete tarakimu, nitaiweka ya pili.

Jumanne, 13 Oktoba
Mama kaniandikia tarakimu kwenye karatasi ya kufungia chipa, huku anacheka kwa furaha. Moja mpaka tisa. Zote! Halafu ya pili? Mwandiko wa Mama hauwi wa pili kwa mtu. Nimeiweka ya kwanza. Za akiba nimezifuta. Za nini tena?