Kompyuta Iliyoifelisha Pima Yangu

Mocímboa da Praia,
Jumatatu, 9 Septemba 2013

Kwa mdogo wangu mpendwa, Saburi Carimo,
Mtwara.

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo imelala tangu Ijumaa na haijaamka. Ndiyo sababu ya barua hii. Ninakuomba, kwa adabu zote alizotufundisha marehemu baba, umwagize dereva Ussumane aichukue ile kompyuta uliyomwazima mjukuu wetu Mwanawetu. Aichukue kabla ya Alhamisi ya tarehe 19. Siku hiyo binti anatakiwa Palma, mbele ya mafundi wa gesi wanaotafuta kijana mmoja wa kujifunza kazi katika karakana yao ya vipimo. Najua kwamba bila kompyuta hatachaguliwa. Nimelifikiria hilo, na bado naomba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliniambia kwamba kompyuta hiyo ina programu ya kupimia. Si kweli. Ina programu ya kutengenezea programu za kupimia. Ni kama mtu aliyeagizwa kijiko akaleta kiwanda cha vijiko. Mwanawetu huvuta vijipicha vya mishale na vifungo kwenye kioo, huviunga kwa mistari ya rangi, kisha husema kwamba ameandika. Nimeukagua uandishi huo kwa miwani yangu yote miwili. Hauna kiima, hauna kiarifu, hauna hata nukta. Pamoja na hayo unafanya kazi, jambo ambalo sentensi nyingi za wanafunzi wangu hazikuliweza.

2. Kompyuta ameiunganisha kwa waya na kijisanduku chenye macho mawili. Kijisanduku hutoa sauti isiyosikika, sauti hugonga kitu ikarudi, na kompyuta hutaja umbali. Mwanawetu akasema kuwa chombo kipya lazima kijaribiwe kwa kitu kinachoaminiwa na watu wote. Hapo mimi mwenyewe, bila kuombwa, nikajitolea. Unajua kwamba katika mtaa huu watu wakigombana juu ya urefu wa kamba, huitwa mimi, nikanyoosha mikono miwili, ambayo ndiyo pima moja, na ugomvi ukaisha. Abudo mwenye duka huisifu pima ya Mwalimu kama wengine wanavyosifu sabuni. Basi nilisimama uani, mkono mmoja kwenye kijisanduku, mwingine umeshika kibao, huku Abudo, shemeji yako Haula na majirani wakitazama. Nilinyoosha mara kumi. Mstari kwenye kioo ulipanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Mwishowe ikawaka taa nyekundu na neno la Kireno: REPROVADO, yaani amefeli. Neno hilo, mdogo wangu, nimewaandikia watoto wa watu maisha yangu yote ya ualimu. Sikujua kwamba ni refu kiasi kile.

3. Nilidai kurudia mtihani, ingawa sikumbuki kumruhusu mwanafunzi yeyote kurudia. Safari hii Abudo alikuwa akitaja jina la mnunuzi kila niliponyoosha. Alipomtaja binamu yetu Alima, mikono ilifunguka kama milango ya harusi. Alipomtaja jirani Gracinda, ambaye mbuzi wake hula mihogo yangu, viwiko vilijikunja vyenyewe. Nilieleza kwa utulivu kuwa hilo si kosa, ni ujirani. Mwanawetu akaandika kwenye kioo “kosa la mpimaji”, akanishika bega na kuniambia, “Pole, mume wangu, umezaliwa na mikono ya mpira.” Najua ni utani wa mjukuu kwa babu yake. Lakini Haula alikwenda kucheka nje ya ua, akidhani ukuta wa makuti unazuia sauti.

4. Abudo ametundika futi ya chuma dukani. Sijaitwa tangu Ijumaa.

5. Sasa Haula anataka kijisanduku cha kupimia joto. Kwa miaka arobaini nimesema kwamba chai yake imepoa, na kwa miaka arobaini ameipasha tena bila neno. Leo anataka ushahidi! Tangu gesi ionekane baharini kule Palma watu hupima ardhi, hupima maji, hupima upepo, nami nimevumilia. Lakini wale mafundi wakiikubali programu ya Mwanawetu, wataanza na mabomba, watakuja kwenye chai, kisha watapima kama sisi wazee wa pwani hii huwa sahihi tunaposema kwamba tuko sahihi. Hapo hakuna nyumba itakayosimama. Gesi imekaa chini ya bahari muda mrefu na haina haraka. Mimi nina miaka sabini na mmoja.

Hayo ndiyo yaliyonijaa, nami nimeyapunguza. Nisalimie shemeji Saquina, watoto wote, na wote wanaoniulizia, hata kama hakuna.

Kaka yako anayekupenda na kukudai jibu,

Mwalimu Abibo Carimo

Baada ya sahihi, Jumanne asubuhi:

Ussumane asiichukue kompyuta. Mwanawetu amenieleza kwamba programu ya kupimia haiaminiki mpaka ionekane ikikamata kitu kibovu. Amejaribu waya, chuma na mbao. Vyote vimenyooka mno. Anasema kwamba katika mkoa wetu mzima wa Kabo Delgado hajaona kosa linalotegemewa kama mimi. Amenibembeleza, amenipikia uji, nami nimekubali: Alhamisi ya tarehe 19 nitakwenda naye Palma, nikafelishwe mbele ya wageni. Sitamwangusha mtoto.

Kanzu yangu ya Idi imechanika mikono, na siwezi kusimama pale hivyo. Tafadhali nishoneshee nyingine upesi kwa fundi wa huko. Urefu wa mikono ameupima Mwanawetu kwa kijisanduku chake, nao upo nyuma ya karatasi hii. Fundi asiongeze wala asipunguze. Hicho ni kipimo sahihi.