Vichwa Vitatu, Fremu Moja

Jumanne, 8 Julai
Nyakanazi. Vumbi, malori na habari nzito. Wakulima wa Mugoma wanataka mashine ya kupukuchua mahindi, kukuna mihogo na kukamua ndizi. Ijumaa wanakuja kuchagua fundi. Nisipochaguliwa, shemeji Suleman, mwenye karakana hii, ananirudisha dukani kwake Biharamulo nikapime vitenge. Mimi, Yahaya! Fundi mzima!

Mpinzani ni mmoja: Adventina, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 9 Julai
Nimekwenda kumchungulia, nikijidai naazima nyundo. Subhanallah! Fremu moja, injini moja, vichwa vitatu. Anafungua bolti nne, anatoa kichwa cha mahindi, anafunga cha mihogo. Chapati yangu haijaisha, mashine imekuwa nyingine! Kasema mteja huchukua vichwa anavyohitaji tu, na kimoja kikifa, vingine vinapiga kazi. Uzuri ule unatia hofu.

Mlangoni katundika bati lenye matundu manne. Hirizi hiyo, sina shaka. Nimelipita kwa bismillahi.

Alhamisi, 10 Julai
Nami nimeunda fremu na vichwa vitatu! Vyuma vya malori mabovu viko tele hapa. Matundu ya bolti ya fremu na ya kichwa cha mahindi nimeyapima kwa habu, kile kitovu cha gurudumu, ya fuso, ya mihogo kwa habu ya trela, ya ndizi kwa habu ya tipa. Kila kimoja na urembo wake. Kuvijaribu? Hiyo ni kazi ya wasiojiamini.

Ijumaa, 11 Julai
Aibu tupu. Cha mahindi kimeingia. Cha mihogo, matundu hayaonani na fremu. Cha ndizi, usiseme! Mzee Audax, mwenyekiti wa wakulima, kaniuliza kama nina fremu tatu. Nikamjibu zinakuja. Wamemchukua Adventina.

Kumbe lile bati ni kigezo. Kila kichwa hutobolewa juu yake, ndiyo maana vyote vinakubaliana na fremu. Kipande cha bati tu, jamani! Kisha shemeji kapiga simu: nifungashe virago.

Jumapili, 13 Julai
Alhamdulillahi! Adventina kazidiwa na oda. Kaniomba nimtengenezee vichwa vya ndizi, yeye avifunge kwenye fremu zake. Na bati kaniazima! Shemeji kakubali nibaki, ila vichwa hivi vikikataliwa, ni vitenge moja kwa moja.

Nimevimaliza vyote leo. Matundu nimeyasogeza kidogo tu, yakae kwa kupendeza. Adventina atashangaa mwenyewe.