Vita Yangu na Chupa za Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Nimetukanwa na redio! Saa mbili asubuhi, ndani ya duka langu mwenyewe! Mtangazaji anasema sanitaiza ya chupa ya kijani, yenye harufu ya ndimu, iondolewe sokoni mara moja. Eti ina methanoli, spiriti ya sumu. Inaunguza ngozi, inaleta kizunguzungu, na anayeimeza anaweza kupofuka. Ninazo katoni ishirini na mbili, zimepangwa hadi darini.

Kufikia saa tatu, Miwani, yule mfamasia wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshabandika tangazo mlangoni kwake. Herufi kubwa, nyekundu, zinanitazama mimi! Dada yangu, mwalimu wa chekechea, akapiga simu mara tatu. Nikamkatia. Sina muda wa salamu. Mke wangu akasema nizirudishe zilikotoka. Nikamjibu kwamba redio haijawahi kuuza hata kiberiti, haiwezi kunifundisha biashara.

Jumanne, 5 Machi

Nina akili nyingi, ila nimezungukwa na watu wasioiona. Mpango: kubandua lebo na kuandika nyingine kwa mkono, "Dawa ya Kusafishia Vioo." Kosa liko wapi? Kioo hakina macho ya kupofuka.

Nikajifungia stoo, madirisha yote nikafunga ili Miwani asichungulie. Lebo ziling'ang'ania kama kupe. Maji hayakufua dafu. Nikazisugua kwa sanitaiza yenyewe. Zikabanduka! Saa moja baadaye dari ilikuwa inazunguka. Mke wangu akanikuta nimelala chali juu ya katoni, akafungua dirisha. Nikafoka kwamba ananianika mbele ya adui. Akasema uso wangu umekuwa rangi moja na chupa. Nimetapika mara mbili. Bila shaka ni maharage yake.

Jumatano, 6 Machi

Kinyozi wa jirani ndiye mteja wa kwanza. Nikampa chupa mbili, akaenda kufutia kioo chake. Kabla ya adhuhuri alirudi amevimba kwa hasira. Kioo kimepata utando, hakioneshi kitu. Nyuma yake alisimama mteja aliyenyolewa upande mmoja, akidai nusu yake ya pili. Nikawaambia kioo chenyewe ni kibovu. Kinyozi akanusa chupa. Akasema harufu hii anaijua, ndiyo ile ya kwenye mlango wa darasa la dada yangu. Mwanawe husoma pale.

Mwezi wa kwanza nilimpa dada chupa nne, zawadi. Watoto wa miaka minne! Wanaolamba vidole kutwa!

Nilikimbia. Ndala moja ilibaki barabarani. Nikaingia darasani nikipiga kelele waache, wasiguse! Watoto kumi na wanane wakaangua kilio kwa pamoja. Dada akanishika mkono, akanitoa nje kama mtundu mmojawapo.

"Nilikupigia Jumatatu, kaka, ukanikatia. Miwani alikuja mwenyewe, akazichukua zote. Ametuletea sabuni na ndoo ya maji."

Nikauliza kama kuna aliyeumia. Akasema mmoja alibabuka vidole, sasa anaendelea vizuri. Nikaenda nyuma ya darasa nikalia hadi kwikwi. Dada alipokuja nikamwambia ni vumbi la chaki. Lakini Miwani! Kati ya watu wote duniani, ni lazima niokolewe na Miwani?

Alhamisi, 7 Machi

Nimesalitiwa! Mkaguzi wa viwango amekuja na gari, akaenda moja kwa moja stoo, kama aliyechorewa ramani. Nikavuka barabara kumshambulia Miwani. Akasema kwa upole kwamba angetamani sana sifa hiyo iwe yake, lakini si yeye. Niliporudi nikamkuta mke wangu anamshikia mkaguzi mlango, katoni zikitolewa.

"Mimi ndiye niliyempigia," akasema. "Afadhali uninunie mwaka mzima kuliko mtoto wa mtu apofuke kwa ajili yetu."

Nikaenda kuubamiza mlango. Ni ule wa kusukuma pembeni, haubamiziki. Niliusukuma taratibu, kwa hasira kali.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwahidi mke wangu, mkono juu ya kichwa, kwamba sitauza tena sanitaiza ya chupa ya kijani. Amefurahi, maskini.

Mchana msambazaji aliyeniuzia zile chupa akaja kuniomba radhi. Mtu muungwana! Ameniletea sabuni ya kuua vijidudu, ya mche, rangi ya zambarau. Anasema ina nguvu ya ajabu, inaua hadi vijidudu ambavyo havijagunduliwa. Sijaona redio ikiitaja. Alinikabidhi akiwa amevaa glavu nene za mpira hadi kwenye viwiko. Nikamsifu. Huo ndio usafi!

Nimechukua katoni arobaini. Miwani atajuta kuzaliwa.