Nimemwigiza Mama wa Sufuria, Kumbe Yuko Pembeni Yangu

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Mnakumbuka kipindi cha jana, mama mkwe wa ile tamthilia yetu alivyomfukuza mkwewe: "Chukua sufuria yako. Mtoto umuache." Halafu alipobaki peke yake akalia. Tangu asubuhi grupu letu halina kazi nyingine. Mmoja kamtengenezea stika, sufuria kichwani kama taji. Mimi na kiherehere changu nikaandika kwamba yule mama analia kama bomba la mtaani kwetu: kelele nyingi, maji hakuna. Mkacheka, mkanijaza kichwa. (Nawalaumu nyinyi kwanza.)

Nikaenda saluni mtaa wa Mbugangari, kwa Mama Divine, yule msusi wa Goma, maana kesho tuna ubatizo. Akanifunga rola, akaniweka chini ya draya. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, naye kichwa kizima rola, uso umepakwa kitu cha kijani kama sombe, kisamvu kilichotwangwa. Nikamsalimu. Akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mkaniandikia: "Hebu mwigize tusikie!"

Nikaanza kurekodi. Sasa, ukiwa ndani ya draya, kwa ule mvumo wake, huisikii hata sauti yako mwenyewe. Nilidhani naongea kawaida. Kumbe (nimeambiwa baadaye) muuza mkaa ng'ambo ya barabara aliacha mizani yake akaja kusikiliza.

"CHUKUA SUFURIA YAKO! MTOTO UMUACHE!" Kidole juu, macho nimeyatoa. Nikamalizia na kilio: "Hiii! Hiii! Machozi yako wapi? Leo maji yamekatika!"

Mama Divine akanipungia kitana. Nikajua amefurahi. Nikarudia kwa nguvu zaidi!

Akazima draya.

"We dada, nyamaza! Ule mama iko pembeni yako!"

"Mama gani?"

"Mama ya sufuria!"

Nikageuka pole pole. Chini ya ule ukijani, macho yale yale. Yale ambayo mume wangu akiyaona kwenye runinga hutafuta rimoti.

"Mama... samahani," nikasema, sauti imekuwa ya panya. "Ni utani tu. Tunakupenda sana."

Hakukasirika. Akanijibu kwa Kiswahili cha Goma, ambacho kwenye runinga hajawahi kutuonyesha.

"Hapana ogopa. Lakini unapiga kelele mingi, dada. Ule mama, nyumba ni yake. Mutu ya nyumba yake hapigake kelele. Anasema pole pole."

Akaweka mikono mapajani. Akaniangalia. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani: "Chukua sufuria yako. Mtoto umuache."

Jamani! Msichana aliyekuwa anasukwa akavuta mkoba wake kifuani. Mimi nikainuka, na rola zangu, nikaelekea mlangoni. (Kweli kabisa. Nilikuwa naondoka.) Mama Divine akanidaka mkono.

Nilipogeuka, chozi moja lilikuwa linamshuka yule mama. Moja tu. Likachora mstari kwenye ule ukijani hadi kidevuni.

"Maji iko," akasema.

Saluni nzima ikapiga makofi. Mimi nikalia kwelikweli, nikikosa hata kitambaa. Nikamuuliza alijifunza wapi yote yale.

"Kwa mama mukwe wangu," akasema. "Hajapaza sauti hata siku moja."

Tuache mzaha. Yule mama ana kipaji ambacho kioo cha runinga kinakipunguza. Nimemwona kwa umbali wa mkono mmoja, akiwa na rola, bila taa, bila mavazi ya kuigizia, na bado nilikubali kufukuzwa.

Kuja kuokota simu kitini, bado inarekodi. Nikataka kufuta. Kidole kikakosea kitufe, nikaituma kwenu. Dakika nne nzima.

Sasa atakayecheka acheke kimya kimya. Atakayeisambaza namtoa kwenye grupu, na admin ni mimi.