Uzinduzi wa Programu ya Kunasa Mawimbi Hafifu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliye njiani. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, na nyote mnaokaimu. Ndugu zangu wa Klabu ya Redio za Ridhaa, mliobanana kule nyuma karibu na mlango. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi machache. Feni ya dari inakwaruza.)

Nikiwa Mkurugenzi wa Idara ya Mawimbi Hafifu, nafasi niliyoipata baada ya mimi mwenyewe kujipendekeza, nasimama mbele yenu kuzindua programu ya kompyuta ya kimkakati, iliyopitia wekishopu, semina elekezi na rodimapu yenye rangi, ambayo itanasa ujumbe wa redio uliochoka njiani, uliofifia hata sikio la binadamu halipati kitu ila mvumo, na kuuweka kwenye skrini ukasomeka kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne. (Sauti kutoka nyuma: "Hizo nne zimetoka wapi?") Zimetoka kwenye inoveshen, ndugu yangu.

Wataalamu wameniarifu kwamba kwa teknolojia hii ujumbe wa maandishi hubeba herufi kumi na tatu tu kwa mkupuo, nafasi na alama zikihesabiwa. Nilishtuka, kwa sababu cheo changu peke yake kingemaliza siku nzima hewani. (Kicheko.)

Ndugu wa klabu, najua mlikuwa na kiprogramu chenu, mlichokiandika wenyewe baada ya kazi zenu, huyu fundi friji, yule mwalimu, na dada wa duka la dawa. Tuliwaagiza mkizime kisije kikagongana na chetu, nanyi mkatii, na tangu hapo mama huyu aliyeshona mapazia ya ukumbi huu hajapata neno kutoka kwa mwanawe, mpima mvua wa kisiwa cha mbali kisicho na simu. Mama yangu, simama wakuone. (Mama mshonaji anasimama, kanga kaishika kwa mikono miwili.) Asubuhi hii, tulipoijaribu programu mbele ya kamera, nani alikujibu?

(Mama: "Waliniambia ni mwanangu.")

Na aliandika nini?

("'Mama mpendwa, mimi ni mzima wa afya na ninaipongeza Idara.'")

(Klabu nzima inaangua kicheko. Fundi friji, akihesabu kwa vidole: "Mkurugenzi, kumi na tatu zimeishia kwenye 'mpendwa' na mkato wake!")

Msinikatize! Tena mawimbi yenyewe yalifika na nguvu ambazo hazijawahi kuonekana, mshale wa mita ukagonga mwisho! (Dada wa duka la dawa: "Mawimbi hafifu yanagongaje mwisho? Au kisiwa kimehamia chumba cha pili?")

Wivu huo, na hautaturudisha nyuma. Mawimbi hafifu! (Mstari wa mbele: "Yasikike!") Idara! ("Oyee!") Kwa hiyo namalizia kwa kumshukuru kwa dhati shemeji yangu, aliyejifungia stoo tangu alfajiri na redio yake akajibu kwa niaba ya kisiwa, maana programu yenyewe tutaanza kuiandika mara tu tutakapompata mtu anayejua kuandika programu.

(Mama: "Kwa hiyo mwanangu hajanijibu." Hacheki mtu.)

Mama yangu, nilitaka ufurahi. Na mimi nipigwe picha, sikatai. Usiniangalie hivyo, jamani, mbona inaniuma.

Ndugu wa klabu, mnaipeleka wapi hiyo kompyuta yenu, kwenye redio ya stoo? Agizo la kuzima kiprogramu chenu halijafutwa! Shemeji, usiwafungulie! (Shemeji anafungua.) Shemeji! Mama, na wewe? Basi mstari wa mbele tulieni. Mawimbi hafifu! (Hakuna anayeitikia. Ukumbi wote umehamia stoo.) Nawashukuru, enyi viti, kwa usikivu wenu.

(Baada ya muda mrefu, vigelegele kutoka stoo. Sauti ya mama: "'Nakula vizuri'! Ni yeye! Ndivyo anavyoniambiaga siku zote, 'Nakula vizuri'!")

Amesemaje? Jamani, rudieni, huku sijasikia!