Sehemu Tatu za Mashuka

Redio ya Mama Chai ilitangaza kwa mara ya pili kwamba mvua kubwa inatarajiwa mchana. Jua nalo, kana kwamba limesikia na kukasirika, likazidi kuchoma hadi lami ikaanza kunata kwenye viatu.

"Hebu izime hiyo," alisema Makasi, kinyozi, akiwa amesimama mlangoni pa kibanda chake. "Mvua gani? Jasho langu lenyewe linakauka kabla halijafika kidevuni."

"Mwache mtangazaji apate riziki," alisema Spana, fundi baiskeli. "Ila kazi yao tamu jamani. Mimi nikikosea breki, mtu anaingia ukutani. Wao wakikosea, wanatuambia tuendelee kusikiliza."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Dobi. Yeye alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai imepoa, na jambo limemkaa kifuani tangu jana. Akaona heri alitue.

"Binti yangu amepata nafasi chuo kikuu."

"Weeee!" Mama Chai alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akaamka. "Hongera, baba! Anasomea udaktari?"

"Hali ya hewa. Na mambo ya tabianchi."

Vigelegele vikakatika katikati.

"Miaka mingapi?" Makasi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Minne."

"Minne! Ya kutazama juu! Mimi nikitazama juu kidogo tu shingo inakaza."

"Si kutazama juu," Dobi alijitetea. "Kuna hesabu nyingi mno, na fizikia. Anasema hewa inatembea kama maji, ina kanuni zake. Wanarusha maputo yenye vipimo, wanapima joto la bahari..."

"Maputo!" Spana alimdaka. "Chuo kikuu, maputo! Keki wanakata saa ngapi?"

"Nisikilizeni basi. Kuna chuo kingine kimempa uhasibu. Mwisho wa kuthibitisha ni leo jioni, na amesema hathibitishi popote bila baraka yangu. Anataka hayo ya hewa, lakini nikisema uhasibu, atakwenda uhasibu. Ndiyo maana nimekuja kuwasikia wenzangu."

Mama Chai akamtazama kwa huruma. "Umekuja kutafuta ushauri hapa? Si bora ungerusha sarafu tu, Dobi?"

Makasi alikuwa amekwisha kunyoosha kidole. "Uhasibu. Kesi imekwisha. Dalili ya mvua ni mawingu. Wahenga walimaliza somo zima kwa sentensi moja, bila ada, bila bweni."

"Na dalili ya mawingu ni nini?" aliuliza Mama Chai.

Makasi akakohoa. "Hiyo... hiyo nadhani ni mwaka wa pili."

"Anasema wanajifunza pia jinsi misimu itakavyokuwa miaka thelathini ijayo," Dobi aliongeza taratibu.

"Lo! Ya mchana huu wanabahatisha, watajua ya miaka thelathini?"

"Makasi," alisema Mama Chai, "mteja wako anayefuata unamjua?"

"Nitamjuaje? Mimi mganga?"

"Na mwezi wa kufunguliwa shule, utakuwa na watu au hutakuwa nao?"

"Watajaa hadi barabarani! Kila mwaka huwa..." Makasi akarudi ndani kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Dobi akapata nguvu kidogo. "Asubuhi hii ameniambia, 'Baba, mvua leo ni asilimia sabini.' Nami sikumpuuza."

"Ukafanyaje?"

"Nina mashuka ya nyumba ya wageni. Nimeyagawa. Sehemu saba nimeanika ndani, sehemu tatu nje."

Kijiwe kikalipuka. Mama Chai aliweka birika chini asije akajiunguza.

"Umeipangia mvua mgawo!" Spana alilia kwa kicheko. "Ikifika kwako itauliza, samahani mzee, zangu zipi?" Akaegemea nyuma, akatupa miguu yote miwili hewani.

Hapo ndipo Dobi alipoiona ile miguu. Spana alikuwa amevaa buti za mpira, zile ndefu za kuvukia madimbwi. Katika jua lile.

Dobi alitazama mkaa wa Mama Chai, akaona umefunikwa kwa turubai na kukandamizwa kwa mawe. Akatazama nyuma ya mlango wa kinyozi, akaona mwavuli umening'inia. Mwisho akatazama benchi lenyewe, ambalo siku zote hukaa chini ya ukuta wa mbele.

"Nani amelisogeza benchi chini ya bati?"

Spana alishusha miguu polepole, akaificha chini ya benchi.

"Ni... tahadhari tu," alisema Makasi.

"Mnamcheka mtangazaji tangu asubuhi, kumbe kila mtu amemtii kimyakimya!"

Binti akatokea pembeni ya kibanda cha Makasi, akitembea haraka, macho yakimtafuta baba yake. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanasayansi," alijibu Spana. "Mvua yako iko wapi?"

"Sikusema lazima inyeshe, mjomba. Katika siku kumi zinazofanana na leo, saba hunyesha na tatu hukauka. Leo inaweza kuwa mojawapo ya zile tatu. Na jua halijazama bado." Akamgeukia baba yake, sauti ikapungua. "Baba, wanafunga muda si mrefu. Niwajibu nini?"

Dobi aliweka kikombe chini. "Nenda kathibitishe hali ya hewa, mama. Kazi ambayo hata wanaoicheka wanaivalia buti, hiyo haitakosa watu."

Binti akamshika mkono kwa mikono miwili, kisha akaondoka mbio kama mtoto. Hajafika kona, Makasi akachomoka kibandani na mwavuli.

"We binti! Chukua huu!"

"Makasi!" Mama Chai alipaza sauti. "Si umesema wanabahatisha?"

"Nami nabahatisha!" alijibu bila kugeuka.

Upepo mwepesi ukapita, ukanyanyua vumbi na kulilaza tena. Wote wakatazama juu kwa pamoja, hata Spana. Dobi akasimama, akakung'uta suruali.

"Wapi tena, baba wa mwanasayansi?" aliuliza Spana.

"Naenda kuanua zile sehemu tatu."