Mvinyo wa Baba Mkwe Chini ya Gati

Jumapili, 3 Machi

Leo nimefanya jambo la akili. Akili kubwa! Naliandika hapa tu, maana nyumba hii haina siri: mke wangu ana masikio na binti yetu ana mdomo.

Jumamosi ijayo binti anaolewa. Uvunguni mwa kitanda chetu kuna kreti ya mvinyo wa zabibu. Aliyeutengeneza ni marehemu baba mkwe, kwa mikono yake, akauweka kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Haipiti siku mke wangu hajautaja. Anasema chupa zile zikifunguliwa, itakuwa kama baba yake amekaa naye mezani. Akifika hapo sauti hukatika, nami hujifanya natafuta miwani.

Sasa juzi nikaonja. Kidogo tu, kwa nia njema. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Nikainama, nikafungua, nikanywa. Mama yangu! Ukali! Jicho moja lilijifunga lenyewe likakataa kufunguka. Siki ina nafuu. Na nakumbuka vizuri, siku niliyokwenda kuposa baba mkwe alinimiminia mvinyo wake, ukawa mtamu ajabu, hata nikaomba wa pili. Basi umeharibika. Mke wangu ataaibika mbele ya wakwe na moyo utamvunjika. Kumwambia siwezi. Heri ning'olewe jino.

Ila kwa kinyozi nilisoma gazeti la zamani: mvinyo ukizamishwa baharini hulainika! Giza, ubaridi, mawimbi yakiubembeleza. Wenyewe huuacha miaka. Mimi sina hata wiki, lakini mvinyo huu ni mtu mzima, utaelewa upesi.

Mimi ni fundi saa. Kuzuia maji yasiingie ndani ya kitu ndiyo kazi yangu. Vizibo vyote nimeviziba kwa nta na grisi. Mke alipokwenda kwa mshonaji, nikasukuma kreti kwa toroli mpaka gati la zamani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Nikatembea kwa miguu hadi nguzo ya mwisho, viatu mkononi, nikaifunga kreti hapo kwa kamba. Rahisi! Ijumaa nitaifuata kwa miguu hiyohiyo. Uvunguni nimepanga matofali, nikayafunika shuka.

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amekuja. Ni kaka wa mke wangu, mpiga mbizi wa bandarini. Kazi yake kukwangua uchafu unaoota kwenye matumbo ya meli. Mimi humwita Pweza, si mbele yake. Ametangaza kwamba siku ya harusi atakayemimina mvinyo ni yeye, kwa kuwa ni mjomba na ni mtoto wa mwenye mvinyo. Nikamwambia baba wa bibi harusi ni mimi, na bado hajazaliwa mjomba wa kunipokonya chupa. Akasema mikono yangu imezoea skrubu, chupa nitaiangusha. Mke wangu akatuuliza kama tunaoolewa ni sisi.

Kisha mke wangu akataka nimvutie kreti aipanguse vumbi! Nikajibwaga kitandani, nikashika kiuno, nikalia mgongo. Amenikanda kwa mafuta ya moto mpaka mikono yake ikachoka, huku akiniambia pole, baba, pole. Nimejiona mnyama. Lakini amenikanda vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda gatini kuangalia. Mungu wangu! Maji hayakupwi. Yaani yanakupwa, lakini kidogo tu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Nimengoja mpaka yakaanza kujaa tena. Ile nguzo ya mwisho imezama hadi shingoni.

Nikamuuliza mama anayeuza chambo. Akaniangalia kwa huruma. Akasema Jumapili ilikuwa bamvua, ndiyo maana maji yalikwenda mbali. Sasa tunaingia maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Hadi bamvua irudi, harusi itakuwa imepita. Fundi saa mzima, nimezaliwa kando ya bahari, na saa za bahari sizijui!

Kuogelea pia sijui.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio la kwanza: ndoano kubwa na kamba, nikiwa juu ya gati. Nimevua tairi. Nimevua tairi jingine. Nimevua kofia yangu, ambayo sikujua imeanguka.

Jaribio la pili: mpira wa ndani wa tairi la lori, nimeuvaa kiunoni. Mimi nataka kwenda kwenye nguzo, wenyewe unataka kwenda hotelini. Tumekwenda hotelini. Nimetua ufukweni mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa chai. Mlinzi akanisindikiza mpaka barabarani. Mpira haukutoka! Nikakatiza mtaa mzima nao. Nyumbani nikasema ni dawa ya mgongo. Mke wangu akaniamini, akanisaidia kuutoa kwa sabuni. Kuaminiwa kunauma kuliko kutukanwa.

Sasa amekaa mezani anasugua glasi za kesho kutwa, moja moja, anaimba chinichini. Kula kumenishinda.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yamezidi unga. Nimekwenda bandarini kumpigia Pweza magoti. Shemeji, nasema. Nimemweleza yote: kuonja, ukali, gazeti, nguzo. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akajifuta machozi, na machozi yakaendelea kutoka wakati kicheko kimeshakwisha.

Akaniambia mvinyo wa baba yao ulikuwa mkali siku zote, tangu wao wadogo. Mzee alijua. Kila mtu alijua! Alikuwa akiwamiminia makusudi wachumba wa binti yake, aone watafanyaje. Walionitangulia (kumbe walikuwepo walionitangulia!) walikunja uso, na mmoja aliumwaga kwenye chungu cha maua. Mimi peke yangu nilimaliza, nikaomba wa pili. Mzee akawaambia watoto wake kwamba huyu ni mwongo, lakini uongo wake ni wa mapenzi, mpeni mke.

Lakini sikudanganya! Naapa. Niliuona mtamu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

Shemeji ana sharti moja, atakayemimina ni mjomba. Nimekubali bila ubishi. Akazama pale gatini. Alikaa chini muda mrefu, nikajikuta namwita jina lake halisi kwa sauti. Akaibuka na kreti. Vizibo vingi viling'oka. Chupa nyingi zimejaa bahari tupu. Tano ndizo zilizobaki nzima. Akazikumbatia, amelowa, midomo inamtetemeka, nami nikamvika koti langu.

Tukaenda kwa mke wangu pamoja. Nilisema mimi. Hakupiga kelele, na kelele zingekuwa nafuu. Aliingia jikoni akafunga mlango. Nikakaa chini nje ya mlango, nikamwambia kwamba sikutaka aaibike, nilitaka baba yake aje harusini akiwa amependeza. Nikamwambia nisamehe. Mwishowe akafungua, macho mekundu, akauliza kama kweli siku ile niliuona mtamu. Nikasema ndiyo. Akasema mimi ni mjinga ambaye hajapata kuonekana. Akanipakulia chakula, nyama kubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi! Shemeji akasimama na chupa, kifua mbele. Watu wakatulia. Akaiangalia ile chupa, akageuka, akamkabidhi dada yake. Mke wangu ndiye aliyemimina.

Glasi ya bwana harusi aliijaza pomoni. Kijana akanywa. Jicho moja likajifunga. Ukoo wetu mzima ukamkodolea macho. Akameza, akatabasamu kwa taabu, akasogeza glasi mbele aongezewe! Mke wangu akaangua kicheko, kicheko kikawa kilio, akanishika mkono chini ya meza na hakuuachia mpaka hotuba zikaisha. Baba mkwe alikuwepo. Nasema kweli tupu.

Nami nikanywa. Mbaya sana! Nikamtazama mke wangu na lile gauni lake jipya, nikanywa tena. Haukuwa mbaya hivyo.

Jumanne, 12 Machi

Zimebaki chupa mbili. Mke wangu amezirudisha uvunguni, za mjukuu wetu wa kwanza. Amenishika masikio yote mawili akaniambia zisiguswe, ukali ule ndio urithi wake. Nimeapa. Somo limeniingia: bahari si mahali pa mvinyo.

Leo fundi bati ameniletea saa yake. Mtu mwerevu sana. Anasema amewahi kusikia mvinyo ukiwekwa juu ya paa, ukapigwa na jua, unapata utamu. Paa! Hakuna bamvua wala maji mafu. Na sitauondoa ukali wote, nusu tu. Sifanyi kwa ajili yangu. Nataka siku hiyo mke wangu anywe na acheke tu, asilie.

Amekwenda kumwona binti mpaka jioni. Fundi bati ameniachia ngazi.